Amana ya Chumba cha Kuoshea

Wakili alinisikiliza mpaka nikamaliza, akanimiminia chai ya pili, kisha akauliza swali moja tu: "Mbali na wewe, nani mwingine aliuona mgongo wa mama yako?"

Nilitamani kumrushia ile gilasi. Nilikuwa nimetoka kumweleza kidonda cha mama yangu mzazi, ukubwa wake, rangi ya kingo zake, harufu yake, maneno ambayo sikuwahi kumwambia hata mume wangu, na yeye anataka hesabu ya macho. Alikuwa Msudani wa makamo, mtu mpole, ofisi yake juu ya duka la miwani, na Kiarabu chake alikisema polepole nisipitwe na neno. Hakuwa na kosa lolote. Lakini siku zile nilikuwa na hasira na kila kiumbe chenye pumzi, na yeye ndiye aliyekuwa karibu.

"Mama yangu mdogo," nikajibu. "Ndiye aliyeniongoza kumwosha."

"Atakuja kusema?"

Nikainamia chai yangu, kwa sababu namjua mama yangu mdogo.

Mama alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande wa kulia wote ulikufa, na ulimi ukabaki na maneno machache ya kuombea maji na kumtaja Mungu. Hakuweza kujigeuza kitandani. Alikuwa akikaa kwa kaka yangu, mtaa wa Al Warqa, kwenye nyumba yenye majlisi ya kukaa watu hamsini, na aliyemhudumia alikuwa dada mmoja wa Kiganda ambaye mkataba wake ulipokwisha alirudi kwao kwa watoto wake, na ilikuwa haki yake. Wifi yangu akasema kiuno chake hakiwezi kunyanyua mtu mzima. Mimi naishi Discovery Gardens, chumba kimoja na sebule, mume na watoto wawili, na kazi ya zamu kwenye hoteli moja ya Al Garhoud ambako nasimamia wasafisha vyumba. Sijitetei. Basi, najitetea kidogo.

Kaka akatafuta nyumba ya wazee. Ilikuwa safi, ina bustani, mlangoni udi unafuka na mapokezi kuna tende na kahawa. Tukampeleka. Siku hiyohiyo tukakaa kwenye ile majlisi, kaka, wifi na mimi, tukakubaliana jambo ambalo likinijia mpaka leo natafuna meno: mtu yeyote akiuliza, Mama yuko hospitali.

Watu wa kwetu, wale ambao wazee wao walikuja huku kwa Waarabu kutoka Unguja, wataoana, watagombana, watashitakiana kwa mirathi, lakini mama hapelekwi nyumba ya wazee. Huko ni kwa asiye na mtu. Kwa hiyo tukasema hospitali, na walipouliza ni ipi ili waende kumwangalia, tukasema madaktari wamekataza wageni. Tulimdanganya hata mama mdogo, ndugu yake Mama wa tumbo moja. Alikuwa akinipigia simu kila asubuhi kuuliza dada yake ameamkaje, na mimi nikimjibu kwa uso mkavu, hajambo, daktari amepita.

Mimi nilikwenda kila Jumanne, siku yangu ya mapumziko. Nilimkuta Mama amelala chali, shuka limemfika kifuani, nywele zimechanwa, kanga begani. Nikimlisha uji, nikimsomea Yasini, nikimkata kucha, nikimpaka mafuta mikono. Nikikaa pembeni mwa kitanda alikuwa akikunja uso, nami nikasema ni kiharusi. Chini ya ule udi kulikuwa na harufu nyingine. Nilipomuuliza meneja, mama mmoja nadhifu ambaye wafanyakazi wote walimwita madam, aliniambia ni dawa, habibti, ni dawa tu. Nikakubali. Mimi, ambaye kazini naingia chumba kilichosafishwa na kujua kwa pua kwamba sinki halikuguswa.

Kulikuwa na msichana mwingine wa Kiganda pale, mhudumu, ambaye siku moja alinifuata mpaka kwenye lifti. "Aunty," akanong'ona, "siku moja ukuje asubuhi, saa ya kuogesha." Nikamwambia saa za kutembelea wagonjwa ni jioni. Akanitazama, akasema "Sawa, aunty," akarudi zake. Jumanne mbili baadaye nikaambiwa amehamishwa.

Mama alifariki alfajiri ya siku ya kazi. Nilipofika kaka alikuwa ameshatangulia, na daktari alikuwa amekuja na polisi vilevile, kama inavyokuwa mtu akifia nje ya hospitali. Karatasi ikaandikwa kwamba moyo umesimama. Afisa wa polisi, kijana mwenye adabu, akamuuliza kaka kama familia ina shaka na mtu yeyote au na jambo lolote. Kaka akasema, "La, alhamdulillahi, hatuna shaka." Akatia saini.

Najua, maiti haicheleweshwi. Lakini kaka alikuwa na haraka nyingine. Alitaka Mama awe chini ya mchanga kabla mtu hajauliza alifia hospitali gani.

Makaburini kuna chumba cha kuoshea. Tuliingia mama mdogo, mimi, na mwanamke wa pale anayesaidia kumwaga maji. Njiani mama mdogo alikuwa ameshajua alikotoka dada yake, maana gari ya maiti ilitumwa huko. Hakunisemesha. Alitia majani ya mkunazi kwenye maji, akanipa kitambaa cha mkono, akaniambia nianze upande wa kulia. Mama alikuwa amefunikwa kutoka kitovuni mpaka magotini, na tulikuwa tukiosha chini ya nguo bila kuangalia, kama inavyotakiwa. Tulipomlaza ubavu ili tumwoshe nyuma, nguo ikasogea.

Lilikuwa shimo. Juu kidogo ya makalio, pana kama kisosi, kingo zake nyeusi, na ndani kulikuwa na kitu cheupe ambacho sikukijua mpaka baadaye, nilipotambua kwamba ule ulikuwa mfupa. Kulikuwa na vidonda vingine viwili vidogo kwenye visigino. Nilifungua mdomo ili nipige ukelele. Mama mdogo alinibana mkono kwa nguvu ambayo sikujua kama anayo.

"Funga mdomo wako," akasema. "Kinachoonekana hapa ni amana. Anayeosha hasimulii."

Akachukua pamba, akaijaza pale taratibu kama mtu anayemfunika mtoto asiamke, akarudisha nguo. Nami nikatii. Nililelewa nikijua kwamba anayemwosha maiti anazika na yale aliyoyaona. Kafuri ikatiwa, sanda ikafungwa, na alasiri haijafika tukawa tumezika ushahidi wote kwa mikono yetu wenyewe.

Siku tatu za msiba nilimeza. Siku ya nne, ndani ya gari ya kaka, nikatapika yote. Akasema nimechoka. Akasema ngozi za wazee huchubuka. Nikamwuliza kama mfupa nao huchubuka, akawasha redio.

Nikaandika kwa wale wa nyumba ya wazee, barua ya adabu, nikiuliza tu kuhusu jeraha la mgongoni. Jibu likaja na muhuri: marehemu alipewa huduma kamili mpaka dakika ya mwisho na hakuwa na jeraha lolote. Lolote! Mpaka leo nikiliona neno hilo popote, hata kwenye tangazo la simu, damu inanichemka. Tangu siku ile nilitaka kitu kimoja tu duniani: karatasi yenye muhuri iliyoandikwa kwamba kidonda kile kilikuwepo, na kwamba wao ndio waliokiacha.

Ndiyo maana nilikuwa kwa wakili. Baada ya lile swali la macho, yakafuata mengine.

Nani alitia saini mkataba? Kaka. Aliusoma? Hakuna aliyeusoma. Ndani yake kulikuwa na kifungu kinachosema familia inafahamu kwamba vidonda vya kulala na kuanguka ni mambo ya kutarajiwa kwa umri wa mgonjwa. Wakili akasema karatasi haiwezi kumfutia mtu uzembe wake, lakini wataitikisa mbele ya kila atakayeangalia. Mliwaambia polisi nini? Tuliwaambia hatuna shaka. Akafumba macho kidogo. Nani walikuwa wakimtembelea, wanaoweza kueleza hali yake? Hakuna. Kwa nini? Kwa sababu tuliwadanganya ndugu zetu wote kwamba yuko hospitali. Hapo kalamu yake ilisimama.

"Kwa hiyo nyinyi wenyewe mlimficha," akasema. Hakusema kwa ubaya. Ningependa angesema kwa ubaya, nipate wa kugombana naye.

Akanieleza njia. Kesi ya fidia haiendi mahakamani moja kwa moja. Kwanza ni malalamiko kwa mamlaka ya afya, nayo hupeleka kwa kamati ya madaktari, kamati inaita faili na mashahidi na kuandika ripoti, na mahakama huisikiliza sana ripoti hiyo. Mimi nina haki ya kulalamika kwa kuwa ni mtoto wake na nimo kwenye cheti cha warithi. Kaka akitia saini hati ya kumpa yeye uwakili pamoja nami itakuwa vizuri zaidi, hasa kwa kuwa ndiye aliyesema hamna shaka. Na shahidi ambaye si mrithi angekuwa na uzito kuliko mimi. Mama mdogo si mrithi, kwa kuwa Mama ameacha mtoto wa kiume.

"Na kama hatakubali?"

"Basi kuna kaburi," akasema. "Waendesha mashitaka wakiona sababu, wanaweza kuomba lifunguliwe. Ni jambo zito. Sikushauri. Nakwambia tu kwamba lipo."

Nikapeleka malalamiko. Faili la Mama lilipotoka nyumba ya wazee, wakili akaniita nilitazame. Kulikuwa na jedwali la kumgeuza mgonjwa, kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, tiki juu ya tiki. Mwenyewe nasaini majedwali ya aina hiyo kila siku, na nimewahi kuwafukuza watu kwa majedwali hayo. Najua tiki ya mtu aliyesimama mlangoni na kitambaa mkononi, inakwenda kombo, wino unabadilika, mara nyingine ina tone la sabuni. Hizi zilikuwa zimelala upande mmoja, kalamu moja, mwezi mzima, bila hata moja kukosewa. Mtu alikaa na chai yake akazijaza. Nilimwonyesha wakili, akasema hiyo ni hoja nzuri lakini watajibu kwamba ni mwandiko wa mtu makini. Makini! Wallahi nilicheka mpaka karani wake akachungulia.

Nikaenda kwa mama mdogo. Nilimkuta sebuleni kwake akichambua mchele, hakuinua uso. Nikamweleza kamati, ripoti, ile barua yenye neno 'lolote'. Nikamwomba aseme alichokiona.

"Mlinificha dada yangu akiwa hai," akasema. "Leo mwataka nimfunue akiwa maiti. Toka."

Nikatoka. Nikalia kwenye gari, si kwa huzuni, kwa hasira. Nilimwona mama mdogo ni mshirika wao. Huyu anajiona amehifadhi amana, na wale wanaendelea kupokea wazee wa watu kwa tende na kahawa. Nilirudi tena wiki iliyofuata nikiwa nimeshaamua kuwa mbaya.

"Usiposema wewe," nikamwambia nikiwa bado mlangoni, "nitaomba kaburi lifunguliwe. Wataalamu wamtoe, wamlaze juu ya meza, wampige picha. Wanaume, mama mdogo. Chagua."

Nilikuwa sina hakika kama wangekubali kulifungua, wala kama ningethubutu kuomba. Nilisema ili nimuumize, na nilimuumiza. Aliweka ungo chini. Midomo ilimtikisika, sijui kwa dua au kwa laana.

"Ntasema," akanijibu mwishowe. "Lakini kwanza semeni nyinyi. Ijumaa hii, baada ya sala, kaka yako aite watu wote wale aliowadanganya, waje nyumbani kwake. Asimame awaambie mama yake alikuwa wapi. Mkishajivua nyinyi, na mimi ntamvua dada yangu."

Kaka alikataa kwa simu, akakataa uso kwa uso, akasema bora aache haki yote ya kesi kuliko kusimama mbele ya wajomba na mashemeji na kusema neno nyumba ya wazee. Nikampa vidonge vyake. Nikamwambia yeye ndiye aliyesema hatuna shaka, yeye ndiye aliyesaini bila kusoma, na akitaka aendelee kuwa bwana mkubwa wa majlisi basi mimi nitawaita watu hao hao na nitasema mwenyewe, na sitaruka kitu. Wifi alikuwa akisikia kutoka jikoni. Ndiye aliyetoka akasema, "Sema, baba watoto. Tumechoka kudanganya."

Ijumaa ile walijaa, wanaume majlisini, wanawake ndani na mlango wazi. Kaka alisimama na kanzu yake nyeupe, na maneno yakamtoka kwa shida. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza, mjomba mmoja mzee alivaa viatu vyake akaondoka bila kuaga, na wengine wawili wakamfuata. Mama mdogo alikuwa kwenye mlango wa wanawake, amejifunga buibui, anawahesabu wanaobaki. Kisha akaniambia, "Haya. Siku gani hiyo kamati?"

Walikuwa madaktari watatu nyuma ya meza ndefu, na mtarjumani, kwa kuwa mama mdogo alikataa kusema jambo hilo kwa lugha yoyote isipokuwa yake. Meneja nadhifu alikaa upande wa pili na wakili wao. Daktari mkubwa alimuuliza mama mdogo aliona nini. Hakutaja neno la aibu hata moja. Alisimama, akakunja ngumi, akaiweka nyuma ya kiuno chake mwenyewe, akasema: "Hapa. Ingeingia hii, na kidole kingegusa mfupa." Mtarjumani alichelewa kutafsiri.

Wakili wao akauliza kwa nini hakumwambia mtu siku ile ile.

"Anayeosha maiti hasimulii," akasema. "Nilikuwa nimeshamfunika. Walioandika kwamba hakuwa na jeraha ndio waliomfunua, si mimi."

Meneja alikuwa akiangalia simu yake. Nilitaka kuruka ile meza. Lakini daktari mwanamke, wa mwisho kulia, alikuwa ameshanigeukia.

"Wewe ulikuwa ukimtembelea kila wiki?"

"Kila Jumanne."

"Kabla ya siku ya kumwosha, uliwahi kuuona mgongo wake?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Ni mama yangu," nikamjibu, na nilimjibu kwa ukali, maana kwetu jibu hilo linatosha. Mtoto hafunui mwili wa mzazi wake. Daktari alinitazama kidogo, akaandika kitu, akamshukuru kila mtu.

Ripoti ilitoka baada ya kusubiri sana. Wakili alinipigia akaniambia njoo. Ilikuwa imeandikwa kwamba kidonda kilikuwepo na kilikuwa cha wiki nyingi. Kwamba mgonjwa hakugeuzwa inavyotakiwa, hakupelekwa hospitali alipostahili kupelekwa, na kwamba jedwali haliaminiki. Muhuri ulikuwa chini ya kila ukurasa. Nilimpigia kaka, akalia kwenye simu kama mtoto. Mama mdogo alisema alhamdulillahi mara moja tu, akakata.

"Sasa tunakwenda mahakamani na tuna kitu mkononi," akasema wakili. "Ila kuna jambo moja." Akafungua ukurasa wa nne, akaweka kidole. Nikasoma mwenyewe. Ilikuwa imeandikwa kwamba binti wa marehemu alikuwa akimtembelea kila wiki katika muda wote huo, na hakuomba hata mara moja kuuona mwili wake, wala hakufuatilia dalili zilizokuwa wazi.

Wakili akanieleza kwamba wale wataung'ang'ania mstari huo ili kupunguza lawama yao. Lakini tuna haki ya kupinga sehemu yoyote ya ripoti, kuna siku chache zimebaki, na ameshaandaa pingamizi: mila, heshima, saa za kutembelea walizopanga wao. Hoja zote nzuri. Akanisogezea kalamu.

Nilisoma mstari ule tena. Nikamwambia afungue kesi, adai kila kitu, asiwaonee huruma hata kidogo. Kisha nikamrudishia kalamu.

"Huu uache," nikasema. "Huu wameandika kweli."